Umeliona wingu, na aliye chini yake?



Ndugu zangu, hasa nyie vijana wa hapa kwetu Rwamishenye. Wiki hii nimetumiwa video nne za radi juu ya ziwa, wingu jeusi limesimama nyuma ya kisiwa cha Musira kama ukuta. Nzuri, wallahi. Lakini mmoja ameipiga akiwa ufukweni, chini ya mti. Huyu anatafuta "like" au anatafuta sanda?

Sisemi picha ni haramu. Hilo tulishalizungumza, na baadhi yenu mkanuna. Nasema hivi: katika Suratur-Ra'd, aya ya 12, Allah anatuambia kwamba hutuonyesha umeme ili tupate khofu na tamaa. Viwili. Wewe umechukua tamaa, khofu umeiacha wapi? Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) akiona wingu zito uso wake hubadilika, anaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe. Watu wanafurahi, yeye anawakumbuka kaumu ya 'Aad walioshangilia wingu wakidhani ni mvua.

Marekani wapo wanaofukuza dhoruba kwa magari kwenye nchi tambarare. Tim Samaras alikuwa mtafiti, mzoefu wa miaka mingi. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, kimbunga kiligeuza njia kikamkuta. Alikufa yeye, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Sasa wewe wa bodaboda na simu?

Na dhoruba zetu nyingi ni za usiku. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto. Upepo unatoka kila upande kuelekea majini, unakutana huko, unapanda, wingu linajengeka. Usiku huohuo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Hapo ndipo panaponiuma. Umepiga picha, umeposti, umelala, na baba wa mtu yuko chini ya hilo wingu lako.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa upo kwenye simu hiyohiyo. Nani kati yenu amewahi kuutuma jioni kwa wavuvi, kabla mitumbwi haijatoka?

Nawe ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Ingia ndani ya nyumba, video iache.

Leo baada ya Isha nitabaki msikitini kidogo. Mwenye jamaa mwaloni Kemondo aje aniachie namba yake, tuanze na hao.