Mita Moja, Familia Sita

Zamani umeme ulipokatwa katika nyumba, mtaa mzima ulijua. Fundi alikuja mchana na ngazi yake, akapanda, akakata waya, akaandika katika kitabu chake, na watoto wakamfuata hadi nyumba ya tatu. Ilikuwa aibu, lakini aibu ile ilikuwa na faida moja: jirani alikwisha kuona, mwenyekiti wa jumuiya alikwisha kusikia, na jioni hiyo hiyo aliweza kupatikana mtu wa kuuliza, "Kwani deni ni kiasi gani?" Tangu mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ulipoanza kuenea katika miaka ya 1990, fundi yule hahitajiki tena. Maskini hujikatia umeme mwenyewe. Uniti zikiisha tarehe 19, mita hulia, kisha hunyamaza, na nyumba hukaa gizani mpaka mshahara au kibarua kipatikane, pasipo mtu yeyote wa nje kuarifiwa. Katika hesabu za taifa nyumba hiyo inaendelea kuhesabiwa kuwa imeunganishwa na umeme.

Hatuandiki haya ili kuulaumu mfumo. Wengi wetu tunakumbuka ankara za kukadiria, zilizodai kwa mwezi mmoja fedha ambazo familia haikuzitumia kwa mwaka, na hatutamani kurudi huko. Tunaandika kwa sababu dhiki iliyofichika huhitaji macho makali zaidi kuliko dhiki iliyo wazi, na macho hayo, katika Kanisa letu, ni jumuiya ndogo ndogo.

Sote twamkumbuka mjane wa Sarepta katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mahubiri mengi hukaa juu ya kopo la unga na chupa ya mafuta. Mara chache tunasimama kwenye jambo la kwanza ambalo Eliya aliliona alipofika kwenye lango la mji: mwanamke anaokota kuni. Unga kidogo alikuwa nao, mafuta kidogo alikuwa nayo. Moto ndio aliokwenda kuutafuta nje, vijiti viwili tu. Yeyote aliyewahi kuwa na unga ndani bila mkaa anaielewa habari hiyo bila msaada wa padre.

Tuje mjini, katika nyumba ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua kwa kuwa wanaishi ndani yake. Ni nyumba ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, uani bomba na choo, na ukutani karibu na mlango mkubwa mita moja. Kila chumba ni familia. Umeme hununuliwa kwa mchango, na mchango hupangwa kwa kuhesabu vitu: taa, redio, televisheni, pasi, friji. Mwenye taa moja hutoa kidogo, mwenye friji hutoa zaidi. Hivyo ndivyo inavyosemwa siku ya kuhamia. Baada ya miezi miwili yule mwenye taa moja anagundua kwamba uniti zilizonunuliwa Jumamosi zimekwisha Jumatano, na hakuna anayejua zimeliwa na nani. Ndipo yanapoanza maneno ya ukumbini. Tumesuluhisha magomvi ya namna hiyo katika kamati zetu, na tunaweza kushuhudia kwamba karibu kila mara anayeshutumiwa kwanza ni mnyonge kuliko wote: mjane aliyeonekana na pasi, au kijana anayesoma usiku.

Hata hivyo, ugomvi wa ukumbini ni sehemu ndogo ya jambo. Sehemu kubwa imo katika bei yenyewe, nayo wengi hawajaelezwa. Kwa mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2016, mteja mdogo, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida wa nyumbani aliwekewa shilingi 292. Nia ilikuwa njema kabisa: mwenye matumizi ya taa na redio asibebeshwe bei ya mwenye viyoyozi. Lakini mita haijui idadi ya watu. Mita inajua uniti. Tuchukue familia zetu sita, kila moja ikitumia uniti 30 kwa mwezi, matumizi ambayo hakuna mtu atakayeyaita anasa. Kama kila familia ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 3,000. Kwa kuwa zote zimo katika mita moja, nyumba inaonekana kama tajiri mmoja anayetumia uniti 180, na hutozwa shilingi 52,560. Kila familia shilingi 8,760. Ni karibu mara tatu, kabla ya kodi, kwa mwanga ule ule. Wakati huohuo mtu anayeishi peke yake katika nyumba nzuri, asiyekuwepo nyumbani siku nzima, aweza kabisa kubaki chini ya uniti 75 na kupata ile bei iliyokusudiwa kwa maskini.

Hapa hatuwezi kusema kwamba mtu fulani amekaa akapanga kumdhulumu mpangaji. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yametuzoesha kutambua kwamba dhuluma yaweza kukaa ndani ya utaratibu, huku kila mmoja anayeuhudumia akiwa na dhamiri tulivu. Ndiyo maana haitoshi kuuliza nani ana kosa. Huna budi kuuliza ni nani analipa.

Na analipa mara mbili. Mwaka 2021 serikali iliamua kodi ya majengo ikusanywe kupitia mita za umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iliyopandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Kodi ya majengo, kama jina lake linavyoonyesha, ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua uniti ni mpangaji, na mita humkata anayenunua. Mpangaji mwenye shilingi 2,000 mkononi, anayenunua mara ya kwanza mwezi huo, hustaajabu kuona uniti chache kama makombo. Njia ya haki ni rahisi mno: mwenye nyumba airudishe fedha hiyo au aipunguze katika kodi ya pango. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Ndugu wapendwa, wapo wenye nyumba kati yetu, wanaopokea Ekaristi kila Jumapili na wenye viti vyao vya mbele, ambao tangu 2021 hawajairudisha hata mara moja, na hawajawahi kuliungama jambo hilo kwa sababu halijawahi kuwapitia mawazoni.

Tutoke kwenye umeme twende jikoni, maana umeme kwa wengi ni taa tu; chakula hupikwa kwa kitu kingine. Mwenye uwezo hununua mkaa kwa gunia. Asiye na uwezo hununua kwa kopo au sado, asubuhi kopo, jioni kopo, na mwisho wa mwezi amelipa gharama ya gunia na zaidi, bila kuwahi kuwa na gunia. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei, na tusidhani alikuwa akisema juu ya watu wa mbali. Kopo lililobonyezwa kitako tunalijua. Ila haki itutake tuseme pia kwamba mama muuza mkaa wa rejareja mara nyingi ni maskini kama mnunuzi wake, naye hujaza pengo la chenga na vumbi lililokuwa chini ya gunia aliloliuziwa.

Mafuta ya taa nayo yana historia yake. Mwaka 2011 ushuru wake ulipandishwa ghafla, ili bei yake ikaribie ile ya dizeli na hivyo kukomesha uchakachuaji, yaani wafanyabiashara kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli na kuwauzia wenye magari. Dawa ilikuwa na mantiki yake. Lakini aliyeinywa alikuwa bibi mwenye kibatari, ambaye hakuwahi kumchakachulia mtu.

Sasa tunahimizwa kutumia gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na sisi tunauunga mkono, kwa ajili ya mapafu ya mama zetu na kwa ajili ya misitu. Mitungi midogo imegawiwa kwa wingi, mingine kwa picha na hotuba. Tatizo ni mtungi wa pili. Kuujaza mtungi wa kilo 6 huhitaji zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja, na mtu anayeishi kwa kopo la mkaa ndiye asiyewahi kuwa na mkupuo. Tumeingia vyumba ambamo mtungi mpya umegeuka kuwa kigoda. Mwenye chumba huucheka pamoja nasi, kisha husogeza jiko la mkaa.

Ndipo mkopo unapoingia. Mtu haendi kukopa kwa kausha damu ili anunue umeme. Hukopa ada, hukopa dawa, na fedha ya umeme huliwa na marejesho ya kila siku. Lakini wapo pia wanaokopa kwenye simu shilingi 5,000 za uniti, na kuanza mwezi unaofuata wakiwa tayari wamepungukiwa. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati, ilimkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuuchukua uhai wa mwenyewe. Jiko ni jiwe la kusagia la siku zetu. Tumesikia habari za mtungi wa gesi kuchukuliwa kwa deni, na ni lazima tuseme wazi kwamba Mkristo hawezi kufanya hivyo.

Hatupendi sana tahariri zinazomfundisha maskini kubana matumizi, kana kwamba hajabana. Lakini yako machache yenye faida ambayo tumeona hayajulikani. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hula uniti moja na theluthi hivi. Pasi hula karibu uniti nzima kwa saa, basi nguo za wiki zipigwe kwa mara moja. Maharage yaliyolowekwa usiku huokoa mkaa mwingi, na jiko banifu la udongo, lililojengwa vizuri, huokoa mwingine. Jumuiya mbili tatu tunazozifahamu hununua gunia moja kwa fedha ya pamoja na kugawana kwa kipimo cha haki. WAWATA wa vigango vingine wanafanya vivyo hivyo kwa kujaza mitungi kwa zamu, kama upatu. Hayo ni mazuri, nayo hayabadilishi bei ya mita moja.

Ya mita yana wenyewe. Taifa halina tena kisingizio cha mgawo kama ule wa 2006 na 2011. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa megawati 2,115, uliwashwa Februari 2024. Giza lililobaki katika nyumba nyingi ni la mfukoni. Ni halali kabisa kwa waamini walei kumwuliza mbunge na diwani wao kwa nini bei nafuu ihesabu mita badala ya kaya, na kwa nini kuunganishiwa umeme mjini kulipangiwa shilingi 320,960 mwaka 2022 wakati kijijini ni 27,000, kana kwamba mjini hakuna maskini. Mwenye nyumba naye anaweza, akitaka, kufunga mita ndogo za ndani ili kila chumba kijue kilichotumia. Haziwezi kurudisha bei nafuu, ila zinamwokoa mjane wa pasi. Na kama friji ya barafu na soda za biashara ni ya mwenye nyumba, basi asiitie katika mchango wa wapangaji.

Tungekuwa wanafiki tukiishia hapo. Parokia nyingi nazo ni wenye nyumba. Zina fremu za maduka na vyumba vya kupangisha, na mita zake hatujawahi kuzijadili katika Halmashauri ya Walei. Taa za mnara huwaka mpaka alfajiri kwa sadaka za watu ambao chumbani mwao pamezimika. Tarehe 20 ya mwezi, uniti zikiwa zimekwisha, ndipo pia bahasha ya ujenzi inapopita jumuiyani, na wapo wanaoacha kuja jumuiya kwa sababu hiyo tu, nasi tukaandika kwamba wamepoa kiimani.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Katika mkutano wa jumuiya wa wiki ijayo, katibu achukue karatasi na aandike, bila majina: nyumba ngapi za eneo lake zina mita moja kwa familia zaidi ya mbili, ni kodi ya majengo ya nyumba ngapi inayolipwa na wapangaji, na familia ngapi zilikaa gizani zaidi ya siku tatu mwezi uliopita. Karatasi zipelekwe kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia kabla ya kikao cha Halmashauri. Nyumba za parokia ziandikwe za kwanza.