Nasaha za Nyumbani: Safari ya Makorongoni na Amiri wa Kurudi

Msomaji wetu mmoja wa Unguja ametuletea swali ambalo tumeona linafaa kujibiwa mbele ya wote, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina jamaa Omani. Asema kwamba jamaa zake wa Maskati wamemwalika yeye, mkewe, watoto watatu na mama yake mzee. Kwamba wamekusudia kuchukua gari na kwenda siku nne katika milima ya bara, mpaka Jabal Shams. Na kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kusafiri katika nchi ya jangwa na makorongo. Aomba nasaha. Nasi twamjibu kwa kadiri tulivyojaaliwa.

Kwanza, twampongeza kwa nia yake. Kuunga udugu ni katika amali kubwa, na Qur'ani Tukufu imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tukatazame na kuzingatia. Basi safari hii na iwe na nia hizo mbili, kuwaona jamaa na kuona kazi ya Muumba, ili petroli ichomwayo na usingizi upoteao visiwe hasara tupu. Lakini nia njema haiondoi wajibu wa matayarisho. Bedui aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza: namna ya kumfunga ngamia wa safari hii.

Yafaa kuijua nchi yenyewe. Milima ya Hajar yaifuata pwani ya kaskazini ya Omani kama ukuta. Si milima ya udongo na miti kama tuijuayo sisi. Ni majabali matupu, na maji ya karne nyingi yameyakata yakafanya makorongo marefu. Bonde la namna hiyo huitwa wadi. Siku nyingi za mwaka wadi huwa kavu, changarawe tupu, na pengine kijito chembamba penye mitende. Jabal Shams, kilele kikubwa kuliko vyote, chafikia kiasi cha mita 3,000, na karibu yake, juu ya Wadi Ghul, ardhi yakatika ghafula ikawa genge la kiasi cha mita 1,000 kwenda chini. Mwenye kusimama pale hahitaji kuhubiriwa juu ya udogo wa binadamu. Ila mwenye watoto asisimame nao ukingoni bila ya kuwashika mikono, kwani si kila mahali pana ukuta wa kuzuia.

Ama mpango wa siku, twashauri uwe mwepesi. Siku ya kwanza ni ya Nizwa, kiasi cha kilomita 165 kutoka Maskati, kwa barabara pana na nzuri. Hapo pana ngome yenye mnara mkubwa wa duara, aliyoijenga Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17. Watoto na waambiwe kwamba huyu ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na kwamba katika zama za mwanawe, Saif bin Sultan, mwaka 1698, Wareno walitolewa katika Ngome ya Yesu ya Mombasa. Mtoto wa pwani akielezwa hayo ataitazama ngome ile kwa jicho jingine.

Siku ya pili ni ya Bahla, yenye ngome ya udongo iliyowekwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1987, kisha al-Hamra, kisha Jabal Shams. Siku ya tatu ni ya Birkat al-Mauz na Jabal Akhdar. Njia ya kupanda Jabal Akhdar ina kizuizi cha polisi, na hawaruhusu ila gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Basi gari la namna hiyo na likodiwe tangu Maskati. Siku ya nne ni ya kurudi, nayo isijazwe kitu kingine. Njia ya vumbi itokayo juu ya al-Hamra na kuteremka Bilad Sayt ni nzuri sana kwa sifa, lakini ni nyembamba na kali. Mgeni wa safari ya kwanza aiache kwa siku nyingine.

Wakati ufaao ni kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Miezi ya kiangazi joto la mabondeni hupita digrii 40. Lakini msidanganyike: usiku wa Desemba na Januari juu ya Jabal Shams huweza kuganda maji. Mama mzee achukuliwe nguo nzito na blanketi, hata kama mchana Nizwa mlikuwa mkijipepea.

Dereva wa kwetu akumbuke kwamba Omani magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu. Hatari yake si katika barabara kubwa, ambako wengine wamwongoza. Ni pale atokapo asubuhi katika uwanja wa nyumba ya wageni, njia tupu, naye akafuata mazoea. Akiteremka mlima aweke gea ndogo, wala asikalie breki, kwani breki zikipata moto hukataa kushika. Tairi la akiba likaguliwe kwa macho kabla ya kuondoka, na jeki ijaribiwe. Petroli ijazwe Nizwa au al-Hamra kabla ya kupanda. Maji ya kunywa yasipungue lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, mbali na ya udhu, nayo yawekwe mahali ambapo mtoto ayafikia bila ya kuomba. Mifereji ya maji ipitayo mashambani na vijijini, iitwayo falaji, si ya kuogea wala ya kufulia apendavyo mgeni. Ni mali ya watu, na maji yake hugawanywa kwa saa, kila mwenye shamba na zamu yake.

Juu ya sala, sisi watu wa pwani tumezoea kuelekea kaskazini, hata wengine hudhani kibla ni kaskazini popote duniani. Kule Omani kibla kipo upande wa magharibi. Watoto wafundishwe hilo, litakuwa somo zuri la jiografia na la dini pamoja. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne, na ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Wenyeji wengi ni Maibadhi, na kipimo chao cha umbali wa safari ni kifupi kuliko chetu Mashafi. Mtu asiingie katika mabishano nao, afuate alichosomeshwa na aswali nyuma ya imamu wa msikiti kwa adabu. Na udongo safi wa tayammamu kule haukosekani, kwa yule ambaye maji yake ni ya kunywa tu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya, nalo ni gharika.

Mgeni aliyesikia neno jangwa huogopa kiu, na ni haki yake kuogopa. Lakini katika makorongo ya Omani ni lazima aogope maji pia. Majabali yale hayanywi mvua. Ikinyesha kwa nguvu juu ya milima, maji yote huteremka mara moja na kukusanyika katika wadi. Mvua yaweza kunyesha mbali sana, nyuma ya jabali msiloliona, nanyi mmeketi chini mnakula tende, mbingu ya juu yenu ni buluu, kisha maji yakafika yakiwa na mawe na magogo. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, huweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na yakifika 60 huchukua karibu gari lolote, hata lile kubwa ambalo mwenyewe alijivunia. Gari zito huelea kwa kuwa limejaa hewa, na likishaelea usukani haufai kitu.

Tarehe 14 Aprili 2024, katika wilaya ya al-Mudhaibi, gari lililochukua watoto wa shule lilikumbwa na gharika ya namna hiyo, na watoto wapatao kumi wakafa. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Haya yalitokea katika nchi ambayo watu wake wanazijua wadi tangu babu zao. Sheria ya Omani humwadhibu dereva avukaye kwa makusudi wadi inayotiririka, na penye vivuko vingi pamesimamishwa nguzo zilizopakwa rangi za kuonyesha kimo cha maji. Idara ya hali ya hewa hutoa maonyo kabla ya mvua kubwa. Yasomwe kila asubuhi kabla ya gari kuwashwa. Nambari ya polisi ya dharura ni 9999. Wala msipige hema katika mchanga wa wadi, hata ukiwa laini namna gani. Mtume (s.a.w.) alimkataza msafiri kulala usiku juu ya njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na vyenye sumu, na wadi ni mapito ya maji.

Mtu atasema: hayo ni wazi, nani atakayeingia katika maji yaendayo kasi na watoto wake? Twajibu: wengi huingia, na wala si wajinga. Huingia kwa kuwa wamechelewa, kwa kuwa chakula kinawangoja ng'ambo, kwa kuwa gari la mbele limepita salama, kwa kuwa kijana mwenyeji amesema, "Sisi tumezoea." Huingia kwa kuwa katika gari lile hapana aliyepewa haki ya kusema, "Turudi." Mke anyamaza asije akaonekana mwoga. Mama mzee anyamaza asije akaharibu furaha ya wanawe. Na mwenye usukani, moyoni mwake angependa kurudi, lakini aona haya.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamweke mmoja wao kuwa amiri. Wengi wetu huichukulia sunna hii kama ya misafara ya zamani, tukadhani dereva ndiye amiri kwa kuwa ameshika usukani. Sivyo. Amiri ni yule mwenye neno la mwisho, na neno zito kuliko yote katika nchi ya makorongo ni neno la kurudi.

Na asidhani mtu kwamba kurudi ni upungufu wa imani. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), katika ukhalifa wake, alitoka Madina kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh. Hapo majemadari wake wakamjia na khabari ya tauni iliyoingia Sham. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wote kwa neno moja wakamshauri arudi na watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda (r.a.), mtu wa daraja kubwa, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika wadi yenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Mola wake. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na shauri lile, na Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akarudi.

Tazama, ndugu msomaji: amiri wa Waislamu wote, na jeshi nyuma yake, hakuona haya kugeuza njia. Sisi wenye gari moja na kapu la chakula tutaona haya kwa nani?

Basi nasaha yetu kwa msomaji wetu ni hii. Usiku wa kuamkia safari, kaeni wote, pamoja na yule jamaa mwenyeji atakayewaongoza. Mchagueni amiri kwa jina, awe mtulivu kuliko wote, si lazima awe dereva wala mkubwa wa umri. Kisha wekeni ahadi tatu. Ya kwanza, mtu yeyote garini, hata mtoto, akiona maji yanapita njiani au akisikia mngurumo wa maji, aseme, na asichekwe. Ya pili, amiri akisema turudi, gari ligeuzwe kwanza, maneno yafuate baadaye. Ya tatu, wenyeji wa ng'ambo waambiwe mapema kwamba pengine hamtafika, ili wasiwangojee kwa hamaki nanyi msiendeshwe na haya. Ahadi hizi ni nyepesi kuwekwa sebuleni juu ya chai, na ni nzito mno kutungwa mbele ya maji.

Mkikuta wadi inatiririka, simameni mahali pa juu na mngoje. Gharika nyingi hupungua baada ya saa chache. Mkilala njiani usiku mmoja, hamkupoteza ila usiku mmoja.

Mwisho, kabla ya kutoka lipeni madeni yaliyofika wakati wake, waageni majirani, na watoto wahifadhishwe dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratu Zukhruf, wajue na maana yake: kwamba chombo hiki tumetiishiwa, hatukukitiisha sisi, na kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na pale ambapo kheri imo katika kutofika, awarudishe salama. Wabillahi taufiki.