Ahadi ya Duka na Fedha ya Bibi



Nyumba nyingi zetu hazikosi mkebe ambamo mama huhifadhi vitu alivyopewa na wenye biashara: kadi ya pointi, kijiko chenye jina la kampuni, na pengine sarafu kuukuu iliyoachwa na bibi. Yafaa tuvitenganishe, kwani baadhi ni ahadi tu, na vingine vina thamani yake wenyewe.

Pointi ni ahadi. Wateja wa Nakumatt walizikusanya kwenye kadi kwa miaka mingi. Januari 2020 wadai waliamua kampuni hiyo ifilisiwe, na kadi ikabaki plastiki. Basi mwenye pointi na azitumie kwa unga na sukari maadamu mlango wa duka u wazi.

Sarafu ni jambo jingine. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, ikatoa sarafu zenye jina la Mombasa: pesa za shaba zenye picha ya mizani, na rupia za fedha. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilitwaa nchi iliyokuwa mikononi mwa kampuni hiyo. Kampuni ilikwisha, lakini fedha haikugeuka kuwa plastiki, na hadi leo wakusanyaji huzitafuta sarafu hizo.

Mwenye kurithi rupia hizo asizisugue kwa ndimu na majivu, kwa kuwa mkusanyaji huipunguzia bei sarafu iliyosuguliwa. Wala asimpe mpita njia kabla ya kuuliza bei kwa watu wawili watatu.

Tena akumbuke zaka. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na takribani sehemu 92 katika 100 ni fedha halisi. Wanavyuoni wengi huhesabu nisabu ya fedha kuwa gramu 595. Kwa hiyo rupia 56 peke yake hufikia kiwango hicho. Zikiwa chache, huenda zikaungana na fedha nyingine aliyonayo. Zikitimia mwaka wa Hijria mikononi mwake, amuulize ustadhi wake. Asidhani kuwa kilichofichwa mkebeni kimesamehewa.

Mwisho, tuwaonye mabinti zetu. Bilauri ya zawadi iliyopatikana kwa kununua katoni tatu za sabuni zisizohitajika si ya bure. Ni israfu iliyofungwa kwa utepe. Tununue kwa haja, zawadi ikija tuipokee kwa shukrani. Na vile vya bibi tuwasimulie watoto habari zake, wajue kilitoka wapi na ni haki ya nani.

Wabillahi tawfiq.