Himaya ya Kumkinga Nani?

Barazani, na Mzee wa Malapa

Wasomaji wangu wa siku zote wanalijua baraza letu la kahawa hapa Buguruni, na wanajua pia kwamba si desturi yangu kuinuka kabla ya birika kukauka. Lakini Jumanne iliyopita, baada ya alasiri, niliondoka kwa ghadhabu, kahawa i kikombeni na kashata haijaumwa. Kijana mmoja, mwalimu wa masomo ya ziada, alikuwa kaketi benchi la pili na wanafunzi wake, madaftari magotini, akiwasomea waandike ya kwamba mwaka 1885 Ujerumani iliitia nchi yetu katika himaya yake. Akaamuru neno himaya lipigiwe mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akaendelea na jambo jingine, asiulize wala asiulizwe ni himaya ya kumkinga nani, na adui gani.

Neno hilo Wajerumani walilichagua kwa hila. Nchi walizoziteka waliziita Schutzgebiet, yaani nchi zenye kulindwa, na jeshi la kutuadhibu wakaliita Schutztruppe, jeshi la ulinzi. Hati aliyoitoa Kaiser Wilhelm I tarehe 27 Februari 1885 haikumhami Msagara wala Mzigua, bali iliihami kampuni ya Carl Peters, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amepita bara akikusanya alama za wakubwa wasioijua lugha ya karatasi waliyowekewa mbele yao, miongoni mwao Mangungo wa Msovero, ambaye hata leo jina lake hutajwa kila mkataba mbovu utiwapo saini. Naye Sayyid Barghash alipoteta, manowari za Kijerumani zilikuja Unguja Agosti ya mwaka ule ule, akalazimika kunyamaza.

Mzee mwenzangu akaniambia nisimkaripie kijana, kwani Mjerumani katuachia reli. Reli hii ipitayo Buguruni ilianza kujengwa mwaka 1905, mwaka ule ule watu wa Umatumbi walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu, na vita vya Maji Maji vikawaka. Walinzi wetu wakachoma vijiji, mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Makadirio ya wanahistoria ya waliokufa yanafika watu 300,000. Na tarehe 27 Februari 1906, miaka 21 kamili tangu hati ile ya himaya, wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea kwa makumi.

Songea hiyo hiyo, tarehe 1 Novemba 2023, alisimama Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na dola yao. Mwenye jambo amekiri kwa kinywa chake. Nawasihi walimu wetu waache kumtolea ushahidi wa uongo.