Kiinua Mgongo si Sadaka

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Juni, Waheshimiwa Wabunge hukaa Dodoma kuizungumza Bajeti ya Serikali, na watumishi wa umma nchi nzima hutega masikio. Zamani walikuwa wakingojea habari ya mishahara. Siku hizi wangojea pia neno jingine, ambalo miaka kumi iliyopita halikujulikana ila kwa wakaguzi wa mahesabu na watu wa mifuko ya pensheni. Neno hilo ni kikokotoo. Leo ukishuka katika stesheni ya Tabora na kumwuliza mwalimu, mwuguzi au karani yeyote aliyekwisha kupita umri wa miaka hamsini, atakueleza kikokotoo kwa ufasaha kuliko anavyoeleza habari za jirani yake.

Nasi twaona yafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa hesabu, maana maneno matupu yamekwisha kuwa mengi.

Tumchukue mwalimu mmoja wa Sikonge. Si mtu fulani, ni mfano tu. Amefundisha miaka 30, yaani miezi 360, na anastaafu akiwa na mshahara wa Shs. 1,000,000/- kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani, iliyowahusu watumishi waliokuwa katika mfuko wa PSPF na ule wa LAPF, miezi yake iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wake wa mwisho wa mwaka, kisha nusu ya pensheni hiyo ikazidishwa kwa 15.5 apewe kwa mkupuo. Mwalimu wetu angepokea Shs. 62,000,000/- siku ya kutua mzigo, na kila mwezi Shs. 333,333/-.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, nayo mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikaunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kuunganisha mifuko lilikuwa jambo jema, wala hatujasikia mtu mwenye akili akilipinga. Lakini nyuma ya sheria zilikuja kanuni, na katika kanuni ndimo kilimowekwa kikokotoo kipya: miezi igawanywe kwa 580, nusu iwe robo, 15.5 iwe 12.5, na mshahara wa mwisho uache kutumika, itumike wastani wa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho. Kwa hesabu hiyo, hata tukiuacha mshahara wake pale pale penye milioni moja, mkupuo wa mwalimu wetu ungeshuka hadi Shs. 23,275,862/-.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi Ikulu. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli, akiwa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikisimamisha kikokotoo hicho, akaagiza kanuni za zamani zitumike hadi mwaka 2023. Muda wenyewe haukufika. Baada ya mazungumzo ya Serikali, wafanyakazi na waajiri, kikokotoo cha tatu kilianza tarehe 1 Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33. Mwalimu wetu sasa ni wa Shs. 30,724,138/-. Malalamiko yakaendelea, ndani ya Bunge na nje yake, mpaka tarehe 13 Juni 2024, ambapo Dk. Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, akisoma Bajeti ya Shs. trilioni 49.35, alitangaza kwamba wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu watapewa asilimia 40, na wale waliokuwa wakipata robo watapewa 35. Mwalimu wetu akapanda tena hadi Shs. 37,241,379/-, na pensheni ya mwezi Shs. 372,414/-.

Hesabu nne kwa mtu mmoja, chini ya miaka saba! Mtu aliyeajiriwa kwa ahadi moja hajui atastaafu kwa ahadi ipi.

Sasa tuwe wa haki. Wako wasemao kwamba mkupuo ukipungua pensheni ya mwezi huongezeka, kwa hiyo mstaafu hakupoteza kitu. Ni kweli kwamba yaongezeka. Mwalimu wetu angepata Shs. 333,333/- kwa mwezi chini ya kanuni ya zamani, na sasa apata Shs. 39,081/- zaidi. Lakini mkupuo wake umepungua kwa Shs. 24,758,621/-. Mwenye kalamu na agawanye. Itampasa mwalimu apokee nyongeza hiyo kwa miezi 633 na kitu, ambayo ni zaidi ya miaka 52, ndipo arudishe alichopungukiwa. Akistaafu na miaka 60, atakuwa amefikisha 112. Twamwombea umri mrefu, lakini Serikali isipange hesabu zake juu ya dua zetu.

Upande wa pili nao una hoja, na hatutaificha. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri wake, ambaye ni Serikali, huweka 15. Hata kama mwalimu wetu angelipwa milioni moja tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mwalimu wa nchi hii hakulipata katu, michango yote ya miaka 30 ingekuwa Shs. milioni 72. Kanuni ya zamani ilimpa milioni 62 siku moja na milioni nne kila mwaka baada ya hapo. Katika miaka miwili na nusu michango imekwisha, naye bado yu hai, mwenye nguvu, analima tumbaku. Mfuko ulitegemea faida ya vitega uchumi na michango ya vijana wanaoingia kazini. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kudumu ila ukilipwa kila senti inayoudai ulimwengu.

Je, ulilipwa? Hapa ndipo palipo kiini cha shauri hili, na hapa ndipo Wabunge wengi hupita mbio. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuchangia kitu. Pensheni yao ilitoka Hazina moja kwa moja. PSPF ulipoanza mwaka huo kukusanya michango, uliachiwa pia mzigo wa kuwalipa watu kwa miaka yao ya nyuma, miaka ambayo haikuwa na mchango hata wa thumni. Serikali ndiyo iliyopaswa kuufidia, ikachelewa mwaka hata mwaka, deni likafika matrilioni. Ni mwaka 2021 ambapo Serikali ilitoa hati fungani maalumu, isiyo ya fedha taslimu, ya Shs. trilioni 2.17 kulipunguza. Twaishukuru kwa hatua hiyo. Hata hivyo hatuwezi kusahau kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini mfuko ulidhoofika kwa deni la mwajiri, na ulipokuwa hoi, aliyeambiwa apunguze chakula chake ni mwajiriwa.

Kwa nini twalizungumza jambo hili kwa kuitazama Tabora? Kwa sababu hakuna mji nchini uujuao mshahara wa mgongo kuliko huu. Katika karne ya kumi na tisa, kutoka Bagamoyo, kupita Mpwapwa, hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji, mali yote ilikwenda juu ya mabega ya watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alichukua kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30, na posho yake na mkeka wake juu yake. Leo mtu akizuru tembe la Kwihara, ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, huonyeshwa vyumba vyao. Wapagazi hawakujengewa chumba cha kumbukumbu.

Lakini watu hao hawakuwa wajinga wa mapatano. Wageni waliopita njia hiyo na kuandika safari zao wamejaza kurasa kwa kulalamika jinsi mpagazi asivyoinua mzigo mpaka amejua atapewa mikono mingapi ya merikani, posho ya siku ngapi, na malipo ya mwisho yatatolewa wapi. Akibadilishiwa masharti njiani, alitua mzigo hapo hapo porini akarudi kwao kulima. Wageni wakauita utoro. Sisi twauona kuwa ni uelewa wa mkataba.

Mwalimu wa Sikonge hana uwezo huo. Ukimbadilishia masharti akiwa na miaka 58, hawezi kuutua mzigo na kurudi Bagamoyo kuanza safari upya. Ndiyo maana lugha yetu, ambayo ina macho, iliyaita malipo haya kiinua mgongo. Mgongo uliinama, na sasa unainuliwa. Hakuna aliyeyaita zawadi ya mwenye msafara.

Tena watu wa Dodoma husema kwamba mstaafu akipewa fedha nyingi kwa mara moja huziponda, au hutapeliwa, kisha akabaki mikono mitupu. Wapo wa namna hiyo, na matapeli wa wastaafu wapo Tabora kama walivyo kila mji. Lakini fikirini maisha ya mtumishi wa mikoa hii. Amehamishwa Nzega, Urambo, Kaliua, amekaa nyumba za kupanga miaka yote, mshahara wake umesomesha watoto wa ndugu zake pamoja na wake. Nyumba yake ya kwanza ya matofali ya kuchoma ataijenga kwa mkupuo ule. Huko si kuponda fedha. Anayetaka kumlinda mstaafu na matapeli aiagize polisi iwakamate matapeli. Na pensheni ya mwezi, ambayo ndiyo tunayoambiwa itamtunza, haipandi yenyewe kila ipandapo bei ya unga. Ahadi ya shilingi zile zile mwaka wa kumi ni ahadi pungufu.

Tabora ina somo jingine, la karibu zaidi. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, na kwa miaka mingi mji huu ulikuwa mji wa watu wa reli. Wengi walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977, malipo yao yalivunjika nayo. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, kila nchi ikikubali kuwalipa watu wake. Wazee wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, wakapata makubaliano na Serikali mwaka 2005, na bado baada ya hapo Dar es Salaam iliwaona wazee wenye mvi wamekaa barabarani wakizuia magari kudai wasemacho kuwa ni chao. Wengi walikufa wakingojea. Hatusemi hayo ili kuchochea. Tunasema ili Mbunge yeyote asidhani kwamba deni la mzee hufa pamoja naye. Hurithiwa na watoto wake, nao hupiga kura.

Wala si sisi peke yetu. Kenya ilikuwa ikiwalipa wastaafu wa Serikali kutoka katika kodi, mpaka Januari 2021 ilipoanza kuwakata watumishi wake mchango. Huko Marekani, katiba ya jimbo la Illinois ya mwaka 1970 inakataza mafao ya mtumishi wa umma yasipunguzwe, na mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo hilo ilifuta sheria iliyotaka kuyapunguza. Lakini Illinois hiyo hiyo, kwa kuwa wabunge wake walipenda kuahidi kuliko kuchangia, imebaki na deni kubwa la pensheni ambalo lawasumbua hadi leo.

Kwa hiyo twayataka mambo haya kwa Wabunge wetu. Kikokotoo kitolewe katika kanuni, kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, ili asiweze mtu kukigeuza bila muswada kusomwa na kujadiliwa mbele ya wananchi. Mabadiliko yoyote yawahusu wanaoajiriwa baada yake. Na ikiwa hapana budi kuwagusa waliomo, basi yawaguse wale wenye miaka mingi ya kujipanga, wala si wale waliobakiza mitano. Deni la Serikali kwa mfuko lionekane katika kila Bajeti kwa tarakimu, lilikuwa kiasi gani, limelipwa kiasi gani, na mchango wa asilimia 15 uwasilishwe kila mwezi kama vile mshahara wa Mbunge mwenyewe unavyowasilishwa.

Jambo la mwisho ni dogo na halina gharama. Kila mtumishi, siku anapoajiriwa na kila mwaka baadaye, apewe karatasi moja yenye hesabu yake kwa Kiswahili: umefanya miezi mingapi, mwajiri amekuwekea kiasi gani, ukistaafu leo utapata hiki. Mpagazi wa Unyanyembe alikuwa akiijua hesabu hiyo kabla hajaufunga mzigo.