Maoni: Mfuko mwepesi si ule unaoacha koti nyumbani

Wakaaji wa Goma hawajasahau jumamosi ya tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021. Jioni hiyo Nyiragongo ililipuka, na watu wakakimbia na kile walichoweza kubeba. Siku hiyohiyo, mbali sana na hapa, watu wengine walikufa mlimani kwa kukosa kitu ambacho kingeingia ndani ya mfuko wao.

Ilikuwa katika jimbo la Gansu, nchini China. Wakimbiaji 172 walianza asubuhi mbio za kilomita 100, wengi wakiwa na kaptula na fulana tu. Walipopanda juu, upepo mkali, mvua ya baridi na mvua ya mawe viliwakuta mahali ambapo gari halifiki. Watu 21 walipoteza maisha. Mchungaji mmoja aliokoa sita kwa kuwaingiza pangoni na kuwawashia moto. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vitu vya lazima. Waandaaji walilipendekeza tu.

Koti la namna hiyo linaweza kuwa na gramu 200 au chini yake. Lakini mifuko ya kukimbilia milimani inauzwa kwa kusifiwa wepesi wake, na mnunuzi anafuata sifa hiyo. Anachukua mfuko mdogo kabisa, kisha anatafuta kitu cha kuacha ili vingine viingie. Huko ni kuanza na mwisho.

Kwenye UTMB, mbio zinazozunguka Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, mkimbiaji haachiwi uamuzi huo. Anabeba koti lenye kofia lisilopitisha maji, chombo cha maji cha lita moja, torshi, filimbi, blanketi ya dharura, simu na chakula cha akiba. Asiyekuwa navyo anaadhibiwa. Basi vitu hivyo viwekwe kwanza mezani, ndipo lita zihesabiwe. Kwa mbio za siku moja, lita 8 hadi 12 mara nyingi zinatosha. Anayekimbia na kulala njiani, mwenye hema ndogo na blanketi, anahitaji 20 hadi 30.

Baada ya hapo, mgongo ndio unaoamua. Akina mama wa Bukavu wanaobeba mizigo kwa kamba ya kwenye paji la uso wanalijua jambo hili kuliko muuzaji yeyote: mzigo unaoning'inia mbali na mgongo unachosha mara mbili. Mfuko ujaribiwe ukiwa umejaa, si mtupu kama unavyotundikwa dukani. Mtu aruke nao mara kumi. Ukipiga mgongo au kupanda shingoni, aurudishe hata kama rangi yake inapendeza. Koti likae mahali ambapo mkono unafika haraka, kwa sababu vidole vilivyoganda havifungui zipu tatu. Anayenunua mtumba avute kwa nguvu pale mikanda iliposhonwa. Mara nyingi huko ndiko mfuko unakokatika. Na vitu vya ndani vifungwe kwenye sasheti, maana mfuko mwingi unaoitwa wa mvua unapitisha maji kwenye mishono.

Anayedhani hayo ni mambo ya China na Ulaya akumbuke Nyiragongo yenyewe. Kilele chake kina mita 3 470. Wageni waliopanda kutoka Kibati walianza na jasho na kumaliza wakitetemeka, lakini wao walikuwa na wapagazi wa kuwabebea makoti. Mkimbiaji hana mpagazi.

Vikundi vya vijana wanaofanya futingi kwenye vilima vya Goma na Bukavu vinaweza kuanza na jambo moja lisilo na gharama: kila anayekwenda mbali afungue mfuko wake mbele ya wenzake kabla ya kuondoka. Asiye na koti siku hiyo akimbie barabarani.