Kamba ya Pili ni Haki ya Aliye Shimoni

Tuna msemo tunaoupenda mno: ajali haina kinga. Tunausema msibani, tunausema hospitalini, na tunausema hata pale ambapo kinga ilikuwapo ila hapakuwa na mtu aliyejali kuitumia. Hapa nakusudia kugombana na msemo huo katika jambo moja tu, nalo ni namna tunavyomvuta mtu aliye chini kumleta juu. Penye kisima cha kuchimbwa kwa mikono, penye shimo la choo, penye machimbo na penye genge, iko siku mtu atakuwa chini na wenzake watakuwa juu wameshika kamba. Swali langu ni fupi: wameshika kamba ngapi?

Aghalabu jibu ni moja. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwa kiburi kidogo, "Kamba hii ni imara, inavuta hata gari." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni la hatari. Kamba ya uokoaji ya nailoni yenye unene wa milimita 11, ikiwa mpya, hustahimili karibu tani 3 kabla ya kukatika. Majeruhi mmoja na mwokoaji mmoja, pamoja na vifaa vyao, hukadiriwa kuwa kilo 200. Basi kamba ya pili ya nini?

Ni kwa sababu kamba haivutiwi kiwandani ilikopimwa. Huvutiwa kwenye ukingo wa jiwe kali. Ina fundo, na fundo peke yake laweza kupunguza nguvu ya kamba kwa kiasi cha theluthi. Huenda ilisafirishwa garini kando ya betri, na asidi ya betri huila nailoni bila kuacha alama ambayo jicho litaiona. Imefungwa kwenye mti ambao hakuna aliyeutazama mizizi. Juu ya yote, imeshikwa na watu, na watu huchoka, huteleza, hushtuka na hupigwa na mawe. Wahenga walisema kamba hukatika pabovu. Hawakusema pabovu pako kwenye kamba tu.

Sasa fikiri juu ya makapi. Ili watu wachache wainue mzigo mzito, kamba hupitishwa kwenye makapi kwa namna ambayo ukivuta mita 3, mzigo hupanda mita 1, na nguvu yako huzidishwa mara 3, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Ukiunganisha mitambo miwili ya namna hiyo, nguvu huzidishwa mara 9. Tuseme watu 4 wanavuta, kila mmoja kwa nguvu ya kilo 25. Kwa mtambo wa kwanza kamba inapata nguvu ya kilo 300. Kwa wa pili, kilo 900. Machela ikinasa chini ya mwamba, wavutaji hawatajua. Watahisi uzito kidogo tu, na atakayesimamia atapaza sauti, "Vuta!" Watavuta. Kitu lazima kiachie: mwamba, kapi, fundo, au mfupa wa yule aliyelala kwenye machela. Hivyo ujuzi ule ule unaomwezesha mnyonge kuinua mzigo mzito ndio unaomwezesha kuvunja kila kitu bila kutokwa jasho. Anayejisifu kwa makapi yake huku akidharau kamba ya pili ni sawa na mwenye gari la kasi anayedharau breki.

Lakini nawakemea pia wale wenye kamba mbili za kujionyesha. Nimesikia mtu akisema timu yake ina kamba mbili, kumbe zote zimefungwa kwenye mti mmoja na zinapita kwenye ukingo ule ule. Hizo si mbili. Mti ukingʼoka, zote zimekwenda. Kamba ya pili ni ya pili pale tu inapokuwa na mahali pake pa kufungwa, kizuizi chake, njia yake na mshikaji wake. Jaribio ni rahisi na halihitaji vyombo: chagua kitu kimoja chochote, fundo, kapi, mti au mtu, kisha ujiulize, "Hiki kikiondoka ghafla sasa hivi, majeruhi ataanguka?" Ikiwa jibu ni ndiyo, hata kwa kitu kimoja, kazi haijawa tayari.

Wala haitoshi kumpa kijana kamba ya pili aishike mkononi na kumwambia awe macho. Katika miaka ya 1980 waokoaji wa British Columbia, huko Kanada, waliamua kupima badala ya kubishana. Walichukua mzigo wa kilo 200 ulioshikiliwa na mita 3 za kamba, wakauachia uanguke mita 1. Sharti lilikuwa kwamba kizuizi kiusimamishe kabla haujashuka mita 1 nyingine, na kwa mshtuko usiozidi kilonewtoni 15, yaani kama uzito wa tani moja na nusu. Njia kadhaa walizozoea wapanda milima, zinazofaa kabisa kumzuia mtu mmoja, zilishindwa. Mazoea yalidhaniwa kuwa ushahidi, na hayakuwa ushahidi.

Kutokana na majaribio ya namna hiyo limezuka wazo ambalo timu nyingi zimelipokea: kamba zote mbili zifanye kazi. Zamani moja ilibeba mzigo na nyingine ilifuata ikiwa imelegea, ikingoja msiba. Sasa kila moja hubeba nusu. Ya kwanza ikikatika, ya pili tayari imemshika mtu, na mwanguko unakuwa mfupi sana. Mimi nalipenda wazo hili, maana mlinzi aliye kazini hahitaji kuamshwa.

Najua watakaopinga. Watasema kamba mbili husokotana, hugusa mawe na kuyaangusha. Ni kweli. Hata agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 kuhusu kazi za kamba, lililotaka kamba mbili zilizofungwa mahali tofauti, liliruhusu kamba moja pale ambapo ya pili ingeongeza hatari. Lakini tazama mpangilio wake: mbili ndiyo kanuni, moja ndiyo inayopaswa kujitetea. Kwetu tumegeuza. Wala simdanganyi mtu kwamba kamba ya pili ni hirizi. Haisafishi hewa mbaya iliyo kisimani, nayo imewaua wengi walioshuka kuokoa.

Watasema tena kwamba sisi ni maskini, kamba ni ghali. Hoja hii naiheshimu ikitoka kwa mchimba kisima kijijini. Siiheshimu ikitoka kwa mwenye ofisi, gari na fungu la fedha za sherehe za uzinduzi. Mwenye uwezo wa kununua utepe wa kukata ana uwezo wa kununua kamba ya kufunga.

Na wa mwisho atasema, "Mimi nimeshuka kwa kamba moja miaka yote na sijaanguka." Ndugu yangu, shingo yako ni yako. Ukiamua kuining'iniza kwenye uzi mmoja, tutakushauri, tutakulilia, lakini uamuzi ni wako. Majeruhi hakuamua. Amefungwa kwenye machela, mikono haiwezi kushika kitu, haoni fundo ulilofunga wala mti uliouchagua. Hakuulizwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ushujaa na uonevu: shujaa huhatarisha kilicho chake.

Kwa hiyo nasema kamba ya pili si anasa wala woga, na si dharau kwa wanaovuta. Ni deni tunalodaiwa na mtu asiyeweza kudai. Tukimwangusha kwa kuwa tulikuwa na moja tu, na ya pili ilikuwa imekunjwa garini, tusisimame kaburini kwake kusema ajali haina kinga. Kinga ilikuwa garini.